Fundi wa Lipu Utosini

Usiku wa jana niliota ninafunga kilemba mbele ya kioo, kama ninavyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, nikiuficha upara wa utosini. Chanuo langu la mbao likakohoa.

"Saumu, leo usifunge. Tunachelewa kliniki ya ngozi."

Nafungua mlango, na nje si ukumbini bali juu ya kichwa changu mwenyewe. Sishangai. Kuna mabenchi, na wanawake wameketi, vilemba vyao mapajani. Mmoja upara wake umeanzia kwenye kingo za paji. Wa mwingine, kama wangu, umeanzia katikati ukatanuka kama chai iliyomwagikia kitambaa. Tunasalimiana.

Mbele yetu fundi amechuchumaa na ndoo. Kila kitundu cha unywele ni mlango mdogo, naye anauziba kwa lipu, analainisha mpaka panang'aa.

"Shikamoo, fundi. Utaifungua lini milango hii?"

"Marahaba. Hii haifunguliwi tena, binti. Kovu ni kovu." Anasogeza ndoo. "Sasa naelekea ile ya pembeni."

"Kwani nani amekuita?"

"Shangazi yako anavuta, wewe unanyamaza. Mlango ukivutwa sana huvimba, na ukivimba naitwa mimi. Siku utakaposema, nitaondoka."

Namweleza kuwa Shangazi Zuhura ndiye aliyenilea. Hunisuka kila Jumamosi, na kadiri upara unavyokua ndivyo anavyokaza zaidi, ili ufunikike. Hatujawahi kuutaja. Anafanya kwa mapenzi, nitamwambiaje?

"Nywele zikiisha," chanuo linauliza, "hayo mapenzi atayasukia wapi?"

Fundi anachota lipu. Chanuo linajivunja jino moja, linalipachika kwenye mlango wa pembeni usifungike.

"Hilo ni la muda tu," linasema. "Amka."

Niliamka kumekucha. Ilikuwa Jumamosi, na Shangazi alikuwa ameshatandika mkeka.

"Njoo, mwanangu. Leo nakukaza vizuri, wenzako wasikucheke."

Nilichukua chanuo mezani nimpelekee. Lilikuwa na pengo. Nikapapasa utosini, na pale upara unapokutana na nywele kidole kikagusa jino la mbao, limesimama wima.

Niliketi. Akashika fungu la kwanza, akavuta.

"Shangazi," nikasema, "inauma."

Mikono yake ikatulia kichwani mwangu.

"Inauma siku zote. Na hapa katikati nywele hazioti tena. Usinisuke, Shangazi. Nisindikize kliniki."