Kile Kiwete

Mwaka 1981 ulipotangazwa kuwa mwaka wa walemavu, chifu aliita baraza kijijini kwetu, milimani juu ya Voi. Dada yangu Wakio, aliyepooza miguu tangu utotoni, alijikokota kwa mikono hadi mbele, akainua mkono.

“Kile kiwete kinataka nini?” chifu aliuliza.

Watu walicheka. Mama naye alicheka.

“Chifu, kiti ndicho huitwa kile,” Wakio alisema. “Mimi ni mtu. Sema yule, anataka nini.”

“Kumbe kimesoma! Kirudisheni nyuma.”

Askari wake akambeba kama gunia. Wakio alitaka kuomba daktari awe anawapitia nyumbani wasioweza kuteremka mlima, lakini hakuulizwa tena. Masika yaliyofuata alishikwa na nimonia. Njia ilikuwa tope tupu, tukashindwa kumteremsha, akafia kitandani.

Mazishini chifu alivua kofia. “Marehemu alikuwa mtu wa watu,” alisema. “Alitupenda sote.”

Nilisonya kwa nguvu hadi waombolezaji wakanigeukia. Alikuwa! Alitupenda! Kumbe ilibidi dada yangu afe ndipo awe mtu kinywani mwa chifu.