Ubeti wa Saba wa Des Hannaford

Des Hannaford alishika nafasi ya pili miaka sita mfululizo katika shindano la kughani mashairi ya nyikani, yale ya maisha ya mashambani, hapa kwetu Wirrabilla. Mwaka wa saba alitangaza kwamba ni wa mwisho. Shamba alishaliuza, na mwezi wa nane angehamia pwani, Ballina, kwa binti yake. Alitaka kikombe kabla ya kuondoka na hakumficha mtu. Alimwambia daktari, alimwambia mwenye duka la vyakula vya mifugo, na mimi aliniambia mara tatu.

Mimi ndiye jaji wa kumbukumbu. Kwetu majaji ni watatu: mmoja anasikiliza vina na mizani, mmoja anatazama mghani anavyosimama na kutoa sauti, na mimi ninakaa na nakala ya shairi na kalamu nyekundu, ninafuata neno kwa neno. Neno likibadilika, natia alama. Mghani akisahau, anavua kofia. Hiyo ndiyo ishara. Mshika nakala aliye kando ya jukwaa anamsomea neno la kwanza la mshororo, yeye anaendelea, nami namkata alama mbili. Akiruka ubeti mzima, ni tano. Sheria hizi hazikutungwa na mimi, lakini nimezisimamia miaka tisa, na sijawahi kupendwa kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya Jumamosi mume wangu, Garth, aliniambia nisiwe mkali. Alinikumbusha kwamba wakati wa mafuriko Des ndiye aliyempeleka mwanetu hospitali kwa trekta. Nilimjibu kwamba nakumbuka, na kwamba kila Krismasi nampelekea Des keki ya matunda. Keki ni keki, alama ni alama.

Shindano lilifanyika kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo, ambalo hata likifagiliwa vipi linanuka mafuta ya kondoo. Watu walikuwa kama mia mbili. Kabla ya Des alipanda Philippa Quaife, mwalimu wa hesabu, akaghani shairi kuhusu bibi yake aliyeendesha lori la maji wakati wa ukame. Hakukosea hata silabi moja. Shairi lilikuwa zuri, limepigwa pasi kama shati la kazini.

Kisha Des akapanda na kofia yake kichwani. Shairi lake lilihusu mbwa aliyemnyakulia meno ya bandia na kukimbia nayo asubuhi ya harusi ya binti yake. Ubeti wa kwanza watu walitabasamu. Kufikia wa nne, mke wa mchungaji alikuwa anajifuta macho. Des alikuwa anamfukuza yule mbwa jukwaani kwa magoti yake mabovu, mdomo ameukunja ndani kama asiye na jino, na kila kina kilianguka mahali pake. Kalamu yangu haikugusa karatasi. Nilijua, na nadhani naye alijua, kwamba kikombe kilikuwa chake.

Alipomaliza ubeti wa sita akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani ni madoido. Mimi nilikuwa na nakala. Ubeti wa saba ulianza na neno "mchungaji", na neno hilo halikuwa kichwani mwake tena. Mshika nakala akasimama tayari, kidole kwenye mshororo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvua kofia tu. Mkono wa Des ulipanda mpaka kifuani, ukashuka. Akanitazama mimi, akaghani:

Yupo mama pale mbele, kalamu yake nyekundu,
Miaka sita yu vile, hunikata kama mundu,
Ubeti wapaa kule, nahisi ninayo gundu,
Nikate tu polepole, shingo yangu ya kizee.

Banda lilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga mabati kwa viganja. Garth alicheka mpaka akaegemea nguzo. Nilicheka mimi pia, na huku nacheka nikaandika tano. Des akarukia ubeti wa nane, akamaliza, akashuka akishangiliwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona pale.

Matokeo yakasomwa. Philippa wa kwanza. Des wa pili, kwa tofauti ya alama mbili.

Watu wachache walizomea. Des alimpa Philippa mkono wa pongezi, akaenda zake kwenye gari. Tulipofika nyumbani Garth akauliza ningepungukiwa na nini kama ningeandika tatu. Nikamwambia Philippa hakuwa na trekta, lakini naye alikariri shairi lake.

Jumapili asubuhi ni kifungua kinywa cha washairi: mayai, nyama ya nguruwe, chai, na anayetaka kughani anaghani bila kuhukumiwa. Des alikuja na sahani yake akakaa mbele yangu, na karatasi ya alama mkononi. Kila mshindani hurudishiwa yake matokeo yakishasomwa. Chini ya ile tano nilikuwa nimeandika: Ubeti wa saba haukusemwa. Uliosemwa badala yake ni bora kuliko ulioandikwa.

"Hii umeandika kwa huruma, mama?" akauliza.

"Unanijua kwa huruma?"

Alitafuna kwanza. Akakiri kwamba kwa miaka yote saba hiyo ndiyo mara ya kwanza kupata neno zuri kutoka kwangu, na kwamba usiku ule alimsomea binti yake neno hilo kwa simu. Kisha akauliza lile alilokuja kuliuliza: je, ingekuwaje kama angevua kofia?

"Ningekukata mbili. Ungemshinda Philippa kwa moja."

Akaweka uma chini. Nilidhani nimemuumiza, nikajiandaa kuvumilia. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na nikaona anacheka.

"Mbele ya watu mia mbili, niombe neno la shairi nililotunga mwenyewe? Bora kikombe kiende kwa mwalimu."

"Basi kimeenda."

"Kimeenda, ndiyo. Na sasa sikiliza. Siwezi kwenda kufia Ballina nikiwa wa pili. Mwakani kalamu anashika nani?"

"Mimi."

"Lete hiyo orodha yako uniandike."

Nilimkumbusha kwamba kutoka Ballina ni saa tisa za kuendesha gari. Akasema magoti ndiyo mabovu, gari ni zima. Daftari la uandikishaji lilikuwa kwenye mkoba wangu, nikamwandika palepale, jina na namba ya simu ya binti yake, nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.