Ukurasa wa Shukrani

Alikuwa amebadilisha kila kitu, au ndivyo alivyodhani. Ripoti ya utafiti aliyouziwa kwenye kibanda cha fotokopi nje ya geti la chuo ilikuwa na kurasa hamsini na mbili kuhusu taka za sokoni. Alifuta jina la mwenyewe akaweka lake, akageuza mwaka, akageuza soko. Wafanyabiashara mia na ishirini waliohojiwa aliwaacha kama walivyo. Hakumjua hata mmoja.

"Badilisha jina tu, mdogo wangu. Wahadhiri hawasomi," mwenye kibanda alimhakikishia.

Nyumbani kijana huyu walimwita Profesa tangu darasa la pili, kwa sababu ya miwani, si kwa kingine. Mama yake alikuwa msafishaji pale pale chuoni, miaka kumi na sita ya ndoo na dekio. Gauni lake la kuvaa siku ya mahafali ya mwanawe lilishashonwa, vilibaki vifungo tu. Ripoti isipopita, hakuna mahafali.

Asubuhi moja mhadhiri akamwita ofisini.

"Mimi ripoti huanza kuisoma kwenye shukrani," alisema mhadhiri. "Hapo ndipo mwanafunzi anaposema yake ya moyoni. Hebu nisomee."

Profesa akasoma. Alimshukuru Mungu, akamshukuru msimamizi, kisha akafika pale ambapo macho yake hayakuwahi kufika. "Na zaidi ya wote, marehemu mama yangu, ambaye hakujaliwa kuiona siku hii."

"Marehemu huyu ndiye aliyedeki humu leo saa moja?"

"Ni... ni makosa ya uchapaji, mwalimu."

"Makosa ya uchapaji yamemzika mama yako!"

Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikuwa na haraka. Mhadhiri alifungua mlango, akamwita mama aliyekuwa akideki koridoni, akamwonyesha ule mstari. Mama aliusoma taratibu, kidole kikifuata neno kwa neno.

"Nilikufa lini?" akamuuliza mwanawe.

Mhadhiri akaeleza yote: ripoti ya mtu mwingine, jina la kubandika. Kisha akashusha sauti.

"Kanuni inasema arudie mwaka mzima. Lakini mimi na wewe tumetoka mbali, mama. Ukimwombea, nitampa wiki mbili aandike upya, na haya yataishia humu humu."

Profesa akapumua. Mama yake alishawahi kumpigia magoti mwalimu mkuu ili yeye asifukuzwe shule ya msingi kwa kuvunja dirisha. Atashindwaje na neno moja? Akamtazama kwa macho yale yale ya mtoto wa dirisha lililovunjika.

Mama aliuma midomo. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. Aliirudisha ripoti mezani, akaifuta kona iliyolowa kwa mkono wake.

"Ningekuwa hai ningemwombea, mwalimu," alisema. "Marehemu haombi."

Akatoka, akaendelea kudeki pale alipoishia.

Profesa alirudia mwaka. Alikwenda sokoni na daftari, akawahoji wafanyabiashara mia na ishirini, mmoja mmoja, na wengine walimfukuza. Gauni lilining'inia nyuma ya mlango mwaka mzima bila vifungo, na kila alipotoka nyumbani ilimbidi apite mbele yake.