Kumbukumbu za Mlinzi

"Simu imejaa," aliniambia mama karani, akaniwekea kiganjani kabla sijakaa vizuri. "Nipunguzie, mwanangu. Futa unachoona hakina maana."

Masikio yakaniwaka. Nilikuwa nimekwenda kwake kuungama, baada ya miaka tisa ya kuahirisha, na sentensi ya kwanza nilikuwa nimeikariri njia nzima. Ikayeyuka.

Enzi hizo yeye alikuwa karani wa mitihani chuoni, mimi fundi wa kompyuta niliyejiona najua kila kitu. Seva yetu ilikuwa na programu ya ulinzi tuliyoiita mlinzi. Ilikaa langoni mwa mtandao ikiandika kila aliyebisha hodi: saa ngapi, kutoka kompyuta ipi, kaingia au kafukuzwa. Haikuchoka kuandika, na kumbukumbu zake zilivimba kila siku. Utaratibu ulikuwa kuzibana kila Ijumaa na kuzihamishia kwenye diski ya akiba, kazi ya nusu saa. Niliikwepa Ijumaa ya kwanza, ya pili, halafu nikaacha hata kuikumbuka.

Siku ya kusajili wanafunzi, seva ikagoma. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Foleni imefika getini, mkuu wa chuo kanisimamia begani akiuliza bado dakika ngapi. Nikaandika amri moja, nikafuta kumbukumbu za miezi mitano. Seva ikaamka. Mkuu akanipigapiga mgongo mbele za watu, nami nikavimba kichwa siku nzima.

Wiki mbili baadaye ikagundulika kwamba alama za wanafunzi kumi na mmoja zilikuwa zimebadilishwa siku fulani, kabla ya usajili, kwa nywila ya mama karani. Alisema si yeye, siku hiyo alikuwa kliniki na mjukuu wake. Aliomba jambo moja tu: waangalie mlinzi aliandika nini. Nilipoingia kwenye kikao cha kumhoji, uso wake ulikunjuka.

"Mwanangu huyu atawaonyesha," aliwaambia.

Kama ningesema ukweli ningepewa barua ya onyo, basi. Nilikohoa.

"Kumbukumbu zake hujifuta zenyewe kila baada ya wiki," nikasema.

Hakuna aliyejua kompyuta kiasi cha kunibishia. Yeye mwenyewe aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa sababu aliniamini hata hapo. Mwisho wa mwezi akaachishwa kazi. Mimi nikabaki, na tangu wiki ile sikuruka Ijumaa hata moja. Najionea haya kwa lile kosa, lakini kwa huo uhodari wangu wa baadaye najionea haya zaidi.

Sasa nilikuwa sebuleni kwake, napekua simu yake. Mjukuu kliniki, mjukuu na sare ya shule, mjukuu kampita bibi yake kimo. Katikati yao, picha ya barua ya kuachishwa kazi, imekunjuliwa mezani na kushikiliwa pembe kwa vikombe.

"Hii nayo unaiweka ya nini, mama?" nikauliza.

"Huenda siku moja akatokea mtu anayejua kilichotokea," alisema. "Asikute nimeitupa."

Sentensi niliyoikariri njiani ikanirudia. Badala ya kuisema nikatoa kadi ya kumbukumbu mfukoni, nikaipachika kwenye simu yake, nikahamisha kila kitu, kimoja kimoja, bila kufuta hata picha moja. Alifurahi sana. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishukuru mara mbili, akaniambia mikono yangu ni ya kuaminika.