Watoto wa Ziwani Hawachomwi Ganzi

Daktari Absalom Oketch alikuwa na meno yake yote kinywani, meupe, yamepangika vizuri, na kwa meno hayo hayo alipenda kutabasamu akiwasimulia watu jinsi wazee wa Kijaluo walivyong'olewa meno sita ya chini bila kutoa sauti. Hadithi hiyo aliirudia kila siku katika kliniki yake mjini Kisumu, wala si kwa kujifurahisha tu. Ndiyo iliyokuwa sababu yake ya kutowachoma watoto sindano ya ganzi.

Si watoto wote, lakini. Watoto wa Milimani, mtaa wa matajiri, walioletwa kwa magari ya baba zao wakiwa wamevaa soksi nyeupe, walipakwa kwanza jeli tamu ya ndizi kwenye ufizi, wakaachwa wairambe, kisha wakachomwa sindano polepole huku wakiimbiwa. Neva zao, alieleza daktari, ziko juu juu. Watoto wa wafanyabiashara waliotoka sehemu za kati za nchi walichomwa pia, bila jeli na bila wimbo, kwa kuwa watu wao hawakuwahi kuwa na desturi ya kung'oa meno, kwa hiyo damu yao haijazoea. Watoto wa ziwani, wa Nyakach na Kano na Dunga, walipewa Shitanda. Shitanda alikuwa pande la mtu lililoajiriwa kwa kazi moja, kushika miguu.

Na huyo bwana alikuwa amesoma. Alivuka bahari, akakaa darasani miaka kadha, akafundishwa neva ya jino inapita wapi na dawa gani inamfaa mtoto wa umri gani, kisha akarudi nyumbani na kuyaweka yote hayo kando kwa ajili ya hadithi za wazee. Vyeti vyake vilining'inia ukutani vikiwa na vioo.

Mwaka 1987, msimu wa kupandikiza mpunga, Dorca alitoka Pap Onditi akimleta mjukuu wake Amolo. Seline, mama wa mtoto, alikuwa Ahero mashambani, na mtoto alikuwa amebaki kwa nyanya yake. Gego la chini la Amolo lilikuwa limeoza, shavu limevimba, na kwa siku kadha hata uji ulimshinda. Lakini kilichomsumbua zaidi ni habari alizopewa na msichana wa jirani aliyewahi kwenda kwa daktari huyo. Msichana alimwonyesha kwenye vifundo vya miguu mahali Shitanda alipomshika.

"Dani, watanishika?" Amolo alimwuliza nyanya yake usiku na mchana.

"Hakuna wa kukushika. Utachomwa sindano ndogo, ufizi utalala, hutasikia kitu. Mimi nimekuambia," alisema Dorca. Amolo alimwamini, kwa sababu Dani hakuwa mtu wa kubahatisha maneno. Dorca hakujua daktari mwingine wa meno, na huyu alikuwa mtoto wa kwao Nyakach. Angekataaje kumchoma mtoto wa kwao?

Kwenye benchi la kungojea walimkuta mama mmoja muuza nguo kutoka sehemu za kati, aitwaye Waceke, na mwanawe Hiram. Kabla ya Hiram kuingia, alikuwa ndani mtoto wa mvuvi wa Dunga, na kilio chake kilipita ukutani mpaka barabarani. Amolo alijibanza ubavuni mwa nyanya yake. Kisha Hiram akaingia, wakatega masikio, wasisikie chochote ila vyuma vikigongana kwenye sahani. Kijana akatoka mwenyewe, mdomo umening'inia upande mmoja, akijaribu kucheka.

"Hajalia?" Dorca alishangaa.

"Alie nini, Cucu?" Waceke alimjibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Amedungwa kitu kidogo tu hapa, hata ile jeli ya ndizi ya watoto wa Milimani hakupakwa, akafa ganzi. Kazi yangu sasa ni kumchunga asitafune huo mdomo." Waceke alimfuta mtoto mate kwa leso. "Hiram, wacha kujiuma!"

Dorca alimgeukia mjukuu wake kwa fahari. "Umeona? Nilikuambia nini?"

"Next!" daktari aliita.

Walipoingia, daktari aliruka kitini kwa furaha. "Mama Dorca! Shitanda, unamjua huyu? Huyu ndiye mwalimu wangu. Nikichunga ng'ombe karibu na boma yake, nilikuwa nakaa nje ya ukuta namsikiliza akiwaambia wasichana. Janak anakuja na chuma yake, anang'oa meno sita, moja moja, na yeye anakaa hapo anaangalia mawingu. Hata chozi! Mama, fungua mdomo, aone."

Dorca alifungua mdomo kabla ya kufikiri, kama alivyozoea kufanya kwenye harusi na matanga. Pengo la chini likaonekana, pana na laini. Kwa miaka mingi pengo hilo lilikuwa heshima yake. Wanawake wa kanisani walilitaja walipotaka kuwatia adabu mabinti zao walegevu.

"Sayansi ya watu wetu hiyo," daktari alisema. Akamketisha Amolo, akachungulia gego, akatoa koleo. "Hii ni dakika moja tu. Shitanda, shika."

"Ngoja," alisema Dorca. "Na sindano?"

"Sindano ya nini, Mama?"

"Ya ganzi. Kama ya mtoto yule ametoka hapa sasa hivi."

Daktari alimcheka kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka mzee aliyepotea njia. "Yule si wa kwetu. Mtoto wa ziwa ukimchoma, unamwumiza mara mbili, sindano halafu jino. Halafu anatafuna mdomo mpaka jioni, mnaniletea kesi. Na tena unamharibu, anakua mtu wa kulialia. Wewe ulichomwa?"

"Sikuchomwa."

"Ulilia?"

Amolo alikuwa amegeuza kichwa kitini, macho yote kwa nyanya yake, na mikono ya Shitanda ilikuwa inakaribia vifundo vya miguu yake. Dorca alikasirika. Alimkasirikia daktari, kijana aliyekaa nje ya ukuta akiokota majigambo ya watu wazima na kuyafanya dawa. Alijikasirikia zaidi yeye mwenyewe, kwa sababu majigambo hayo yalikuwa yake, neno kwa neno.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Hakuangalia mawingu. Aliangalia viatu vya baba yake, aliyesimama mbele yake kuhakikisha binti hatamwaibisha. Selpha, binti ya baba yake mdogo, aliyetangulia kung'olewa, alipiga uwi moja tu, na tangu siku hiyo watu wakamwita Uwi, akaolewa akiitwa Uwi, akazikwa akiitwa Uwi. Dorca alimeza sauti yake pamoja na damu. Kisha akazeeka akisema hapakuuma, na kila mzee mwenye pengo alisema hivyo hivyo, wakasaidiana kudanganya.

Angeweza kumwambia daktari hayo. Lakini alimtazama usoni na kuona kwamba yule si mtu wa kuambiwa. Angesema mzee ana huruma za kinyanya, kisha angeng'oa.

"Sikulia," alisema Dorca. "Na nina gego langu hapa nyuma, limenisumbua tangu mvua ndefu. Anza na mimi, bila sindano, mtoto aone."

Daktari alifurahi kupita kiasi. Alimteremsha Amolo, akampandisha Dorca, kisha akaenda kuufungua mlango wote, watu wa benchi wasikose. "Njooni mjifunze," aliwaambia. "Nyinyi mnaodekeza watoto, njooni."

Akaingiza koleo, akalishika gego, akalitikisa.

Uchungu ulipanda mpaka jichoni. Dorca alikuwa amepanga kupiga kelele mara tu chuma kitakapogusa, lakini kelele haikuja. Mikono ilitulia mapajani, uso ukawa mkavu. Mwili ulikuwa umefundishwa zamani na haukungoja kuulizwa. Daktari akatikisa tena, jino likalia ndani ya taya.

"Mnaona?" alisema daktari, jasho likimtoka kwa raha. "Mnaona mambo? Shitanda, muandae mtoto, huyu anamaliza."

Kwa pembe ya jicho Dorca alimwona Amolo. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa amekunja mdomo, amekaza uso, macho yameganda kwenye viatu vya Shitanda. Alikuwa anajifunza.

"Uuuwi!"

Ilitoka kubwa kuliko chumba. "Uuuwi! Mayoo! Ananiua! Huyu mtoto ananiua!" Dorca aliipiga mara moja kwa makusudi, na ya pili ikaja yenyewe, na ya tatu hakuweza kuizuia hata angetaka. Alimpiga daktari teke la goti, akamkamata tai, akapiga uwi nyingine puani pake. Fundi cherehani wa mlango wa pili alitoka mbio na mkasi mkononi. Mama mmoja kwenye benchi alimbeba mtoto wake mgongoni akaondoka bila kuaga. Shitanda, ambaye maishani mwake alishika miguu ya watoto tu, alirudi nyuma mpaka ukutani na cheti kimoja kikaanguka.

Gego lilikuwa limetoka. Daktari alilishika juu, hajui aliweke wapi.

Waceke alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja bado umezuia mdomo wa Hiram. "Daktari, mbona hukumchoma mzee wa watu sindano?"

"Hawa... hawa hawasikii uchungu," alisema daktari.

"Na hiyo ilikuwa nini? Alikuwa anaimba?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimuuma Absalom Oketch kuliko teke. "Mama, unaniharibia kazi," alimnong'oneza Dorca kwa Kijaluo. "Si ulisema hukulia?"

Dorca alitema damu kwenye beseni, akajifuta. "Nilisema. Na ukiniuliza Jumapili mbele ya kanisa zima nitakuambia niliumia siku ile, na leo nimeumia. Sasa mchome mtoto. Na ile jeli ya ndizi pia, upake. Nikisikia neno lingine kuhusu watu wa ziwa, nitaanza tena, na safari hii nitasimama barabarani."

Amolo alipakwa. Kumbe ile jeli ilikuwa kwenye droo ya juu kabisa, karibu na mkono, siku zote. Daktari alichagua sindano nyembamba, akaichoma polepole, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Kazi aliijua vizuri. Hapo ndipo Dorca alipomdharau kabisa. Shitanda, aliyekosa miguu ya kushika, alitumwa dukani akanunue chaki.

Wakangoja. Daktari akagusa ufizi kwa kichuma. "Unasikia?"

Amolo akafikiri. "Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana." Mtoto alimtazama nyanya yake kwa mshangao, nusu ya uso imelala, nusu inatabasamu. "Dani, sisikii kitu! Kweli kama ulivyosema!"

Koleo likaingia, likatoka na gego, na miguu midogo haikutikisika wala hapakuwa na mtu aliyeishika. Ndipo Dorca akaketi kwenye kibao cha Shitanda, akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia kweli.

"Sasa nini tena, Mama?" daktari aliuliza kwa hofu, akitazama mlangoni. "Si tumemaliza? Gego lako bado linauma?"

"Si hilo," alisema Dorca. "Ni yale sita."