Lango la Gethin

Watu husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa Idwal na Gethin ungelima, ukavuna, ukalima tena, nao bado wamenuniana. Na kisa chenyewe? Baba yao alipokwisha kuzikwa, Gethin aliuacha mgodi wa makaa ya mawe wa kwao Nant Goch, akaenda kuchimba Bryn Du, ng'ambo ya kilima, alikooa. Idwal, kaka mtu, akaapa hatasema naye tena. Alikuwa na kichwa kigumu yule, we acha tu.

Mama yao ndiye aliyegeuzwa mjumbe. Kila Jumapili baada ya ibada Gethin alikuja kula kwa mama, wakakaa meza moja, mkate wa zabibu katikati yao, na Idwal akisema, "Mama, mwambie anisogezee chai." Gethin alisogeza huku anacheka. Mama hakucheka.

Siku hizo Kombe la Wales lilikuwa bado changa. Kura ya mtoano ilipopigwa, Nant Goch wakapangiwa Bryn Du. Idwal alikuwa nahodha na mfungaji wa Nant Goch. Gethin ndiye kipa wa Bryn Du. Tangu wakicheza uchochoroni, kaka hakuwahi kumfunga mdogo wake hata bao la kubahatisha.

"Mwambie Jumamosi namfunga," Idwal alimwambia mama.

"Mwambie nikiwa hai hapitishi kitu," Gethin akajibu.

Ila Idwal alikuwa na lake moyoni. Mechi ikiisha, ashinde asishinde, angemfuata mdogo wake palepale langoni ampe mkono. Alishachoka kununa. Alichotafuta ni kisingizio tu, na mpira ulikuwa kisingizio kizuri.

Alhamisi gesi ikalipuka Bryn Du. Gethin alikuwa chini, pamoja na karibu timu nzima. Moto ukakataa kuzimika, na Ijumaa wenye mgodi wakaamuru mdomo wa shimo uzibwe kwa udongo ili moto ukose hewa. Kila mtu alijua maana yake. Wanawake walijua pia, lakini waligoma kuondoka pale, na mama yao alikuwa mmojawapo.

Jumamosi mwamuzi alikuja Nant Goch na sheria yake. Timu isipotokea, waliopo wanaanza mpira, wanaupeleka kwenye lango tupu, wanafunga, wanasonga mbele. Wasipofunga, timu zote mbili zinatolewa. Aliyasema kwa upole, lakini aliyasema. Wachezaji waliinamisha vichwa, na bado walilitaka Kombe. Usiwalaumu, kijiji kile hakikuwahi kushinda chochote.

Idwal alilitazama lango. Kufunga bao lile kungekuwa kutamka kwa kinywa chake kwamba Gethin amekufa. Akampa mpira Madog, winga wao, akatembea hadi langoni, akasimama katikati ya milingoti.

"Nahodha, unafanya nini?" Madog akauliza.

"Piga."

Mwamuzi akaja mbio, akamwambia hairuhusiwi, yeye si mtu wa Bryn Du.

"Mimi na kipa wao mama yetu mmoja," Idwal akasema. "Madog, piga."

Madog akapiga huku analia, akapiga kwa nguvu zote, maana kumpigia kinyonge kungekuwa kumtukana. Idwal akaruka, akaudaka, akaanguka nao matopeni. Hakuinuka upesi. Mwamuzi alingoja, kisha akatangaza kwamba timu zote mbili zimetolewa, na hakuna aliyebisha.

Idwal akavuka kilima na jezi yake ya matope, mpira kwapani. Alimkuta mama amekaa juu ya gogo karibu na shimo lililozibwa, shali kichwani. Akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mwambie hajafungwa."

Mama hakumtazama. "Nimechoka kuwabebea maneno, mwanangu," akasema. "Leo mwambie mwenyewe."

Idwal akasogea hadi kwenye ule udongo mbichi. Akamwita Gethin kwa jina lake, mara ya kwanza tangu walipomzika baba.