Funda la Maji la Nchi ya Nyamavu

Katika nchi ya Nyamavu, ambayo ukungu wake haukuondoka hata jua la utosi, nyumba zote zilipakwa chokaa kila mwezi ulipoandama, na nyuso za watu zilifunzwa kufanana na kuta. Huko machozi yalihesabiwa utovu wa adabu, na ghadhabu ilihesabiwa wazimu. Mtoto akianza kulia au kufura, alitiwa kinywani funda la maji, naye alipaswa kulishikilia, asimeze wala asiteme, mpaka kilichomo moyoni kimtoke. Hakikumtoka, kilishuka chini zaidi kikajenga. Lakini wageni waliisifu nchi kwa watoto wake watulivu, wasijue kwamba chungu kilichofunikwa hakina utulivu, kina kifuniko tu.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti aitwaye Dukuduku. Baba yake aliungua katika tanuri la chokaa ile ile iliyozing'arisha kuta za nchi, na tangu maziko hapana aliyelitaja jina la marehemu mbele ya mtoto. Dukuduku alipewa funda baada ya funda, hata akaacha kusema. Akaanza kuuma wenzake na kuvunja mitungi. Kadhi Jabali akaamuru kwamba akivunja mmoja zaidi, apelekwe ng'ambo ya milima katika Nyumba ya Wasahauliwa, ambako mtoto akiingia harudi. Mama yake, Setiri, aliisikia amri hiyo, naye akajitia kinywani funda lake mwenyewe.

Aliyeshindwa kuvumilia ni shangazi wa mtoto, Bi Bayana. Alimkuta mtoto ameinua mtungi, tayari kuutupa, akamwekea makaa, manjano na udongo mwekundu mbele ya ukuta.

"Mwanangu, sikuulizi kitu," alisema. "Ulichotaka kukimalizia mtungini, kimalizie hapa."

Dukuduku akautua mtungi. Mwanzo alipaka weusi mtupu, kwa nguvu hata makaa yakasagika. Kisha ndani ya weusi likatokea tanuri, likawaka wekundu, na ukungu uliopita karibu yake ukaondoka na rangi ya manjano. Hatimaye, mlangoni mwa moto, akasimama mtu mwenye kofia ya ukindu. Tangu siku hiyo usingizi ukamrudia mtoto, na mkono wa mamaye akaushika bila kuuma.

"Hapa ndipo ninapoogopa, shangazi," alisema akiugusa wekundu, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba.

Habari ikafika barazani kwamba chokaa ya nchi imetiwa doa, na Bi Bayana akashtakiwa mbele ya ukuta ule ule. Ada ya Nyamavu ilimtaka kadhi asikilize shauri na funda la maji kinywani, huruma isije ikampotoa, na karani wake, Kariri, ndiye aliyemsemea.

"Bibi, umemfundisha mtoto kuanika msiba hadharani," alisema Kariri. "Una neno?"

"Ninalo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Huzuni ya mtoto huyu iliota meno kwa kukosa mlango. Nami nilimpa mlango."

Kadhi akatikisa kichwa, na Kariri akaifasiri ishara.

"Ukuta utapakwa chokaa sasa hivi, na mtoto mwenyewe ndiye atakayepaka. Akikataa, safari yake ya milimani ni leo."

Dukuduku alipokea burashi, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Nitapaka," alisema kwa adabu. "Lakini naomba kwanza nimtie baba miguu. Bila miguu hawezi kutoka."

Kisha ikasikika sauti ya maji: funda la Kadhi Jabali lilikuwa limemporomoka kidevuni, likalilowesha joho lake. La Setiri, aliyesimama nyuma ya mtoto, nalo likamtoka, na kwa mara ya kwanza akamlilia mumewe kwa jina lake. Kadhi alishuka kitini, akachutama kando ya mtoto.

"Nami nilikuwa na mwana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesahau namna ya kuitumia. "Makaa yamebaki?"

Dukuduku akakivunja kipande chake, akampa nusu.